Fundi AC hana pampu ya vakyumu, anataka kutoa hewa kwa gesi ya mashine yenyewe. Nimemsimamisha, wataalamu njooni hapa

mkazi_goba

Wakuu habarini za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada maana kazi imesimama na fundi nimemwambia asirudi mpaka nimpigie.

Nimenunua spliti ya BTU 12,000, inveta, gesi yake ni R32. Nafunga chumba cha mama yangu, ni mtu mzima, na joto la Dar kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu linamtesa sana, usiku anakaa tu kitandani anajipepea na khanga. Kwa hiyo hii mashine naitaka idumu, sio ifanye kazi msimu mmoja halafu tuanze kuitana kujaza gesi.

Fundi nimeunganishwa naye na duka. Kiukweli sio mtu mbaya, ana heshima na anafika kwa muda, ila nimekaa pembeni namwangalia anavyofanya na kuna vitu vimenikaa vibaya rohoni. Kopa (bomba la shaba) kakata kwa msumeno wa chuma, nikaishika ile ncha kwa kidole imejaa vinyweleo vya shaba na unga wake umemwagikia ndani ya bomba. Halafu akailaza chini ikiwa mdomo wazi wakati kijana wake anatoboa ukuta kwa tindo na vumbi la saruji limejaa chumba kizima. Namuuliza vipi hilo vumbi haliingii humo, ananiambia gesi itapuliza yote. Mabomba mawili kayavika sponji moja, yamelaliana humo ndani shaba kwa shaba, anasema lile dogo halihitaji la kwake.

Ila kilichonifanya nimsimamishe ni hiki. Kamaliza kuunga, nikasubiri atoe pampu ya vakyumu, ile ya kuvuta hewa yote itoke kwenye mabomba, maana kitabu cha maelekezo kilichokuja kwenye boksi kina kurasa nzima na michoro ya pampu na geji. Hana. Ananiambia "bosi hizi zinakuja na gesi yake kwenye yuniti ya nje, mimi nafungua valvu kidogo upande huu, gesi inasukuma hewa inatokea upande ule, nikisikia imetoka vizuri nakaza, tunawasha. Pampu ni za maghala ya samaki." Nikamfungulia kitabu nikamwonyesha, akasema hayo ni mambo yao huko, sisi huku tumefunga hivi miaka yote.

Sasa mimi sio fundi, nauliza kwa nia njema kabisa. Je, naonekana msumbufu au nina haki ya kumzuia? Madhara ya alichotaka kufanya ni yapi hasa? Valvu za yuniti ya nje bado hazijafunguliwa.

Kichuguu77

Mkuu umefanya la maana kusimamisha kabla hajashika alenki (spana ya kufungulia valvu). Akishafungua zile valvu huna tena cha kudai, gesi ishachanganyika na hewa na kila kitu kimejificha ndani. Mimi wengi niliowaona mitaani kwetu wanafanya hivyo hivyo na mteja anafurahi kwa sababu siku hiyo baridi inatoka. Fundi maiko, yaani mafundi wa kubabaisha, wamejaa hii sekta.

fundi_baridi

Nafanya hizi kazi Dar hapa, nilisoma majokofu na viyoyozi chuo cha ufundi VETA, ngoja nikueleze taratibu na wengine wasome.

Ndani ya yale mabomba na yuniti ya ndani sasa hivi kuna hewa. Hewa ina vitu viwili vinavyotusumbua. Ya kwanza ni hewa yenyewe, haigandi kuwa majimaji kama gesi ya AC inavyofanya, kwa hiyo inakwenda kukaa kule kwenye kondensa (koili ya yuniti ya nje) inapandisha presha bure, kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inabeba mzigo usio wake, umeme unaliwa zaidi na baridi linapungua. Ya pili ndo mbaya kuliko, unyevu. Dar hii hewa yake unaijua, ukitoa soda kwenye friji chupa inatoka jasho papo hapo. Huo unyevu uko ndani ya mabomba yako. Mashine za R32 na R410A zinatumia oili ya sintetiki ambayo inanyonya maji kupita kiasi, na ikikaa na maji kwenye joto la kompresa inavunjika inatengeneza asidi. Asidi inakula ile rangi inayofunika waya za mota ndani ya kompresa. Hiyo haitokei kesho. Inaweza kuchukua mwaka, miwili, mitatu, halafu siku moja breka inaanguka, unaita fundi anakwambia kompresa imekufa imepiga shoti, na hakuna atakayekumbuka siku ya kufunga.

Gesi ikipita kwa kasi kwenye bomba inasukuma hewa nyingi sikatai, lakini unyevu ulioshika kwenye kuta za kopa hauondoki kwa kupulizwa sekunde chache. Pampu inafanya kazi tofauti, inashusha presha humo ndani mpaka maji yanachemka kwenye joto la kawaida la chumba yanakuwa mvuke na kuvutwa nje. Ndo maana inatakiwa muda, spliti ndogo ya mabomba mafupi kama yako dakika 20 mpaka 30, sio dakika tatu.

Na kingine, hiyo gesi anayotaka kuimwaga kailipia nani? Umelipia wewe. Angalia kibandiko ubavuni mwa yuniti ya nje, kuna uzito wa gesi umeandikwa, kwa BTU 12,000 za R32 nyingi ni chini ya kilo moja. Ukipunguza kwa kukisia kwa sikio hujui umebaki na ngapi.

Halafu R32 inashika moto. Sio kama gesi ya kupikia, inashika kwa shida, lakini inashika, na ikiungua inatoa moshi wa sumu. Kuimwaga chumbani kwa mgonjwa au mtu mzima huku kijana anawasha sigara pembeni, hapana.

babu_geji

Mimi naomba nitofautiane kidogo na vijana. Nimefunga AC za R22 nyingi kwa kusukuma hewa na zipo mpaka leo zinapiga kazi maofisini. Pampu inapatikana kwa bei gani? Fundi anapewa hela ya kufunga ndogo, mteja anabembeleza apunguziwe, bado umwambie abebe pampu, geji, mzani na mtungi wa naitrojeni juu ya bodaboda. Tuwe wakweli.

fundi_baridi

Mzee wangu babu_geji shikamoo. Kwa R22 nakuelewa kabisa, zile zilikuwa na oili ya madini, haipendani na maji kama hii ya sasa, kwa hiyo zilikuwa zinavumilia. Na presha zake zilikuwa chini. Ikiwa imezimwa kwenye joto la nyuzi 30, R22 inasimama karibu na psi 158 (psi ni kipimo cha presha), R32 inasimama kwenye psi 265 hivi. Kwa hiyo fleya (mdomo wa kopa uliotanuliwa) iliyokuwa inashika vizuri kwenye R22 huku inaweza ikavuja. Mkono wetu ni ule ule ila mashine zimebadilika.

Na R22 yenyewe inaondoka mzee. Ule mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni unatuhusu na sisi, nchi zinazoendelea zilianza kupunguza gesi za aina hiyo 2015 na kufika 2030 zinatakiwa ziwe zimekwisha isipokuwa kidogo tu kwa matengenezo. Baadaye yakaja makubaliano ya Kigali ya 2016 hapo kwa majirani, yakagusa hata hizi za R410A, ndo maana mashine mpya nyingi ni R32. Kijana anayejifunza leo kwa njia ya R22 anajifunza kwa mashine ambayo hatakutana nayo.

La hela nakubaliana na wewe asilimia mia. Mteja anayetaka kazi ya pampu alipe kazi ya pampu.

babu_geji

Marahaba. Hapo kwenye oili umenena, sina ubishi. Lakini wateja mmesikia, msiwabane mafundi bei halafu mkaja humu kuwalalamikia.

Bi_Nyali

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, yangu si ya gesi, ni ya maji. Kaka mkazi_goba hebu angalia lile tundu la ukuta limeelekea wapi. Langu mimi fundi alilitoboa likainamia ndani, kidogo tu, kwa macho huwezi kujua. Wiki za mwanzo hakuna kitu, ukaja msimu wa joto hasa AC ikawa inawashwa usiku kucha, maji badala ya kwenda nje yakawa yanarudi nyuma yanashuka na ukuta nyuma ya kabati. Tumekuja kujua nguo zimeshaota kuvu na rangi ya ukuta imevimba kama jipu. Kuitengeneza ilibidi yuniti ishushwe yote.

Tundu liinamie nje. Na paipu ya maji ishuke moja kwa moja, isipande halafu ishuke, na ile ncha isizamishwe ndani ya ndoo ya maji. Kabla hawajaondoka mwaga jagi la maji kwenye ile trei ya ndani uende nje uangalie yanatoka vipi, yakitoka kwa kusitasita mwambie arekebishe akiwa bado yupo.

fundi_baridi

Dada Bi_Nyali umesaidia wengi. Mteremko sentimita moja kwa kila mita inatosha, ila usiwe chini ya hapo.

Mshamba_wa_Maskati

Assalaam aleikum wanabaraza. Mie niko Oman, huku joto linapita nyuzi 40 na AC si anasa, bila hiyo hukai ndani. Nataka kusemea hilo la sponji kwa sababu naona wamelipita. Ndugu yangu, kwenye hizi spliti ndogo mabomba yote mawili ni ya baridi. Watu wamezoea friji za zamani wanadhani lile jembamba ni la moto, siyo. Kile kidude cha kupunguza presha kiko kwenye yuniti ya nje, kwa hiyo jembamba linaingia ndani likiwa limeshapoa. Ukiliacha likagusana na lenzake yanaambukizana joto na ubaridi njiani, mashine inafanya kazi kisha ubaridi mwingine unapotea kabla haujafika chumbani. Na jasho lake litadondoka kwenye dari. Kila moja na sponji lake, sponji lifike mpaka kwenye nati, halafu juu mfunge tepu kwa sababu jua linalila sponji hata mwaka haumalizi.

mkazi_goba

Wakuu nimesoma yote mpaka nimetoka nje na tochi. Dada wa Mombasa Mungu akubariki, nimeweka rula ya maji kwenye tundu, limelala sawa kabisa halijainama popote. Hilo linarekebishika kwa sababu halijazibwa.

Fundi nimempigia, nimeongea naye kwa utaratibu. Nimemwambia sina shida na wewe, nataka kazi ifanyike kama kitabu kinavyosema na nitaongeza hela ya kukodi pampu na geji. Mwanzoni akawa mkali, ananiambia kama humwamini fundi ufunge mwenyewe. Nikamwambia nimekuamini ndo maana nimekupigia wewe na sijaita mwingine. Kakubali. Sasa swali, akija na pampu mimi mtu wa kawaida nitajuaje kama kafanya kweli? Maana anaweza kuiwasha ikaunguruma tu pale.

fundi_baridi

Swali zuri sana.

Aanze na midomo ya kopa. Mwambie akate upya kwa kikatio cha kopa, kile cha kuzungusha chenye gurudumu, halafu anyoe ncha kwa ndani akiwa ameinamisha bomba lielekee chini ili vinyweleo vianguke nje. Avike nati kwanza, wengi wanasahau wanatanua mdomo halafu nati iko mezani. Mdomo ukishatanuliwa uangalie wewe mwenyewe kwa tochi ya simu. Unatakiwa uwe mviringo, laini kama ndani ya kijiko, hauna ufa wala upande mmoja mrefu. Ukiona mstari hata mwembamba kama unywele, akate arudie, kopa sentimita mbili haina thamani ya kumfanya mama alale na joto. Tone la oili ya AC kwenye mdomo linatosha. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji na silikoni asitumie kabisa, pale shaba inakaa juu ya metali na ndo inayoziba.

Kukaza nati spana mbili, moja inashika moja inakaza, vinginevyo bomba linajinyonga. Kwenye lile jembamba la robo inchi wasiofahamu wanakaza kwa hasira wanapasua mdomo. Inataka Nm 14 mpaka 18 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), sio nguvu nyingi.

Kama ana naitrojeni ajaze kwanza kwenye mabomba valvu za nje zikiwa bado zimefungwa, mpaka psi 400 hivi, asivuke kiwango cha kwenye kibandiko, apake povu la sabuni kwenye kila nati mkae mtazame. NAOMBA HAPA MNISIKILIZE WOTE, asitumie mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji. Oksijeni ya presha ikikutana na oili inalipuka. Kuna mafundi wanafanya hivyo kwa sababu ndo mtungi ulio karibu, na inaua. Ukiona mtungi wa oksijeni unaunganishwa kwenye AC, toa watu ndani ya nyumba.

Baada ya hapo pampu. Angalia geji ya bluu, sindano itashuka chini ya sifuri mpaka kwenye 30 ya upande wa chini. Kufika hapo sio mwisho, aiache iendelee. Zikifika dakika 20 mpaka 30 afunge valvu ya geji KWANZA, ndo azime pampu, halafu nyote mkae mikono mifukoni dakika 10 hadi 15. Hapo ndo utajua. Sindano ikibaki pale pale, bomba liko kavu na halivuji. Ikianza kupanda, kuna sehemu inavuja au unyevu bado umo. Hiyo huhitaji kuwa fundi kuiona. Ikiwezekana awe na ile geji ya dijitali ya kusoma maikroni (kipimo kidogo cha vakyumu), ishuke chini ya 500, ila kwa mtaani hiyo wanayo wachache.

Kichuguu77

Mkuu na umeme je? Jirani yangu AC yake wamechomeka kwenye plagi ya kawaida ya ampea 13 ile ya ukutani, pamoja na pasi na tv kwenye ekstensheni moja.

fundi_baridi

Hapana. AC inavuta umeme masaa mengi mfululizo, plagi inapata moto polepole mpaka inayeyuka. Kwa BTU 12,000 vuta waya wake peke yake wa 2.5 mm² kutoka kwenye bodi, breka yake ya ampea 16 au 20, swichi yake, na esi (waya wa kwenda ardhini) iwe esi kweli, sio waya wa kijani umeishia hewani. Weka na kifaa cha kulinda umeme ukipanda na kushuka. Hiyo kazi afanye mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na sio vishoka (mafundi umeme wasio na leseni), AC yenyewe fundi wa AC.

mkazi_goba

Mrejesho wakuu.

Kaja asubuhi na pampu ya kukodi, geji mbili, kikatio, na mtungi wa naitrojeni kaletewa na rafiki yake. Tukaanza kwa kuinamisha tundu. Kopa kakata upya, na alipoigonga gonga ile ya mwanzo kwenye gazeti ikatoa vumbi la saruji na chembe za shaba, kiasi cha kujaza kifuniko cha soda. Akaviangalia kimya, akaniita na kijana wake akamwambia njoo uone. Hilo vumbi lote lilikuwa linakwenda kwenye kompresa.

Naitrojeni ilipopanda, nati tatu kimya. Ya nne, ile kubwa upande wa yuniti ya ndani, povu likaanza kujaa taratibu sana, ungekuwa na haraka usingeliona, kiputo kimoja kinakua, kinapasuka, kinakuja kingine. Akashusha presha akafungua, mdomo ulikuwa na mkunjo upande mmoja. Akarudia. Safari hii povu likakauka pale pale.

Pampu ikaenda nusu saa na zaidi kidogo. Kafunga valvu kwanza kama mlivyosema, kazima, tukakaa. Sindano haikucheza. Ndo akafungua gesi. Sponji kila bomba na lake, tepu juu. Jagi la maji nimemwaga mwenyewe, limetoka nje moja kwa moja. Mama amelala usiku kucha, asubuhi anauliza shuka zito liko wapi.

Fundi nimemlipa na nimemuongezea. Ameniomba nimtumie hizi picha za kitabu kwenye WhatsApp, na amesema anatafuta pampu yake ya kununua.

babu_geji

Safi sana kijana. Mtangaze na huyo fundi kwa majirani, fundi anayekubali kurudia kazi ni wa kushika.

mama_wawili_tabata

Samahanini naingilia uzi wa mtu. Mimi nina AC ya zamani ya R22 imekufa, mabomba yamo ndani ya ukuta. Nanunua ya BTU 18,000 ya R32, fundi anasema tutatumia mabomba yale yale tusibomoe. Ni sawa?

fundi_baridi

Dada karibu. Kama ukuta unabomoleka kwa gharama ndogo, toa weka mapya, mle ndani kuna mabaki ya oili ya zamani na huenda na asidi ya kompresa iliyokufa. Kama haiwezekani, kwanza apime kama kipenyo kinalingana na kitabu cha mashine mpya, unene wa kopa usiwe chini ya milimita 0.8, asafishe ndani kwa dawa ya kusafishia mabomba ya AC na kumalizia na naitrojeni mpaka itoke kavu haina rangi. Midomo yote ikatwe itanuliwe upya. Na nati asirudishie zile za zamani, kama bomba lako kubwa ni la nusu inchi nati ya R22 ni spana 24, ya R32 ni spana 26, imenenepeshwa kwa ajili ya presha. Atumie zile zilizokuja na mashine mpya. Halafu naitrojeni iachwe humo usiku kucha kabla hujafunga yuniti, maana bomba la ukutani likivuja huwezi kulipaka povu.